Maziwa ya Jioni ya Chawia

Kule Chawia, mtu mwenye ng'ombe mmoja hana utajiri, ana kazi. Anakata majani, anachota maji, anafagia zizi, anakamua asubuhi, anakamua jioni, na bado ng'ombe anamwangalia kama mtu aliyechelewa. Sasa fikiria mwanamke aliyejitwika ng'ombe wa watu wote. Huyo ndiye Tryphena.

Sisi humwita Mama Abby. Ni mwanamke mnene kidogo, mwepesi wa kucheka, na akikasirika hucheka zaidi. Hilo la mwisho lishike vizuri, maana ndilo lililotutia taabuni. Yeye ni meneja wa kiwanda kidogo cha maziwa cha chama chetu cha ushirika, pale Mwatate. Ukisikia kiwanda usiwaze makubwa: ni jengo la mabati ya buluu, tangi la baridi, mtambo wa kuchemshia, na mashine ya kufunga pakiti ambayo ikiamka vibaya, sote tumeamka vibaya. Lakini kwa sababu ya hayo mabati, mjane wa Chawia aliye na ng'ombe mmoja analipa karo ya shule bila kumpigia mtu magoti. Jambo dogo hilo? Si dogo.

Basi, kuna maziwa ya asubuhi na kuna maziwa ya jioni. Ya asubuhi hayana maneno: yanakamuliwa, yanapakiwa kwenye pikipiki, yanafika Mwatate yakiwa bado na joto la ng'ombe. Ya jioni ndiyo yenye hadithi. Hakuna mtu wa kuyateremsha mlimani giza likishaingia, kwa hivyo yanalala huko huko. Wazee wetu hawakuwa na friji, lakini maji walikuwa nayo. Maji ya Chawia yanatoka msituni yakiwa baridi ya kuuma meno, na kila mfugaji ana hodhi lake la saruji nyuma ya nyumba, maji yanaingia huku na kutokea kule. Mtungi wa maziwa unasimamishwa humo, unazama hadi shingoni, unalala. Asubuhi ukiugusa unavuta mkono. Karibu nusu ya maziwa ya kiwanda ni hayo ya jioni. Ukiyatoa, kiwanda hakijiwezi, na kikifungwa kiwanda, wale wajane warudi kumuuzia nani? Madalali? Tunawajua hao.

Ndipo akaja Gabriel. Gabriel ni mkaguzi wa maziwa, mtu wa Taveta anayekaa Voi kwa sababu ya kazi. Ni mrefu, mpole, na ana tabia ya kuuliza jambo mara mbili. Alizunguka Chawia siku nzima, akaangalia mahodhi, akatia kipimajoto hapa na pale, na jua lilipopoa akaletwa nyumbani kwa Tryphena. Unajua mgeni anavyopokewa kwetu. Tryphena alimwekea kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa yakapondeka, akamwekea na chai ya maziwa, akamwongezea kabla hajamaliza. Gabriel akala, akashukuru, akafuta mikono, halafu akasema.

“Mama Abby, maziwa ya jioni yatabidi yasimame. Kanuni inasema maziwa yakilala yapozwe kwa mashine. Haya ya kwenu yanapozwa kwa maji. Mnakubali?”

Tryphena akakasirika. Akacheka.

“Karibu tena, baba,” akasema.

“Kwa hivyo mnakubali? Hamna pingamizi?”

“Hakuna neno. Ongeza chai.”

Ewe msomaji, usimcheke. Wewe ungefanyaje? Mtu amekula kimanga chako, mkono wake bado una harufu ya chakula chako, halafu umgeukie umwambie hapana usoni? Kwetu hilo halifanyiki. Mgeni aliyekula kwako hugombani naye mpaka avuke mfereji, atoke bomani kwako. Tatizo ni kwamba Gabriel, akishavuka mfereji, aliandika alichosikia: wamekubali, hawana pingamizi. Na baada ya wiki amri ikateremka kutoka Voi kwamba kuanzia mwezi ujao maziwa ya jioni yasipokelewe.

Lo! Kiwanda kiliwaka bila moto. Mwenyekiti wa chama, Mzee Thadeus, ni mtu wa sauti. Akiongea Mwatate, Mraru wanasikia. Aliita mkutano, akasimama juu ya kreti la maziwa.

“Hawa watu wa ofisini wanatuona wajinga! Alhamisi tunabeba mitungi yote mpaka Mraru, tunamwaga maziwa kwenye lami, magari ya kwenda Taveta yasimame, waandishi wa habari wapige picha! Tuone kama hawatatujua!”

Watu wakapiga makofi. Tryphena naye alipiga makofi, tena akiwa mbele, na alicheka mpaka machozi. Wanaomjua wakaanza kumwogopa.

Jioni hiyo akapanda kwa mamake, bibi Wakio, anayekaa chini kidogo ya Chawia, pale mlima unapoanza kulainika kuelekea Mwatate. Akamweleza yote: amri, mkutano, Alhamisi, lami. Mamake alikuwa anakamua. Hakugeuka.

“Mtamwaga maziwa?”

“Tutamwaga, mama.”

“Maziwa ya watu?”

“Ya watu. Ndiyo wajue.”

Bibi Wakio akakamua mpaka titi la mwisho, akainuka taratibu huku ameshika kiuno. “Na huyo kijana wa Taveta, ulimwambia umekasirika?”

“Alikuwa amekula, mama!”

“Kwa hivyo hasira ulimfichia, halafu sasa unaipeleka barabarani kwa watu ambao hawakukukosea. Haya.” Akacheka kidogo. “Sisi ni watu wa kanisa, na mimi ni mama wa kanisa kukushinda. Lakini marehemu nyanya yako alikuwa na akili. Mtu akiwa na kinyongo na ndugu yake, waliketishwa pamoja. Kila mmoja akachukua funda la maji, akaeleza hasira yake yote, hakuna kubakisha, halafu yale maji akayapuliza nje, pfuu, na akasema maneno mema. Kutasa, ndivyo walivyoita. Hawakuanza na maneno mema, unasikia? Walianza na hasira. Kwanza itoke. Wewe umeanza na chai.”

Tryphena akaokota kibao cha kukamulia, akakiweka kando.

“Mficha uchi hazai,” mamake akamalizia, akampa mtungi. “Nibebee huu ukautie majini.”

Kesho yake Tryphena akapiga simu Voi, kwa mkubwa wa Gabriel, mama mmoja anaitwa Everlyne. Alikusudia kumwambia mambo makali. Everlyne akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

“Mama, unakumbuka ile semina ya Voi, mwaka jana? Ya ngazi?”

Tryphena alikumbuka kuku wa chakula cha mchana. Sote tulioenda tunakumbuka kuku. Lakini kweli, kabla ya kuku watu walikuwa wamefundishwa, na hata kukubaliana, kwamba wakaguzi na wenye viwanda wakitofautiana, jambo lipande ngazi. Ngazi ya kwanza ni mkaguzi na mwenye kiwanda, wao wawili, waandike pamoja wanabishana kuhusu nini hasa. Wakishindwa, jambo hilo hilo, kwa maneno yale yale, lipande kwa wakubwa wao. Nao wakishindwa, liende kwa kamati yenye watu wa pande zote na mtaalamu wa nje, na kamati ikishasema, imesema. Na jambo likiwa bado linapanda, kazi isisimame, isipokuwa kuna hatari ya mtu kuumia.

“Basi nipandishe,” Tryphena akasema. “Nipandishe mpaka juu kabisa.”

“Siwezi. Hujakanyaga ngazi ya kwanza. Hapa imeandikwa mmekubali. Jambo lisilo na ubishi ninalipandisha vipi?” Everlyne akashusha sauti. “Rudi kwa Gabriel, mama yangu. Mwambie hamkubaliani.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tryphena akavaa ile nguo yake ya harusi za watu, akaenda Voi. Njiani alijaribu maneno yote, na yote yakamshinda. Thadeus alikuwa amempigia kumwambia asiende kuomba kama mtoto, Alhamisi yaja. Na kwa kweli kumwaga maziwa mbele ya umati ni rahisi. Kumtazama mtu mmoja usoni na kumwambia umeniumiza, hapo ndipo penye kazi.

Gabriel alimkaribisha kiti, akataka kumwagizia soda.

“Sitaki soda,” Tryphena akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kimanga, hakucheka. “Nikinywa soda yako nitanyamaza tena. Gabriel, nimekasirika. Ulikuja kwangu ukala, ukaniambia nifunge nusu ya kiwanda kama mtu anayeomba chumvi. Una habari kuna wanawake kule hawana kingine? Una habari mimi nilizunguka boma kwa boma kuwashawishi waingie chamani, nikiwaambia serikali itawalinda? Nimekosa usingizi. Na nimekasirika na wewe, si na sheria. Na wewe.”

Gabriel akaifunga faili iliyokuwa mbele yake.

“Mama Abby,” akasema, “nilikuuliza mara mbili.”

“Najua.”

“Mimi pia nimekasirika. Nilidhani nyinyi ni watu wazuri mliokubali, halafu nasikia nitamwagiwa maziwa barabarani Alhamisi na jina langu litatajwa redioni. Mwanangu anasikiliza hiyo redio. Na nikwambie ukweli. Kazi yangu inaniruhusu kusema hapana. Kusema ndiyo kwa kitu kisicho kwenye kanuni, sina huo uwezo. Ungeniambia hukubali, ningeshukuru. Ningepata njia ya kulipeleka kwa mwenye uwezo.”

Sasa hapo, watu wangu, ndipo Tryphena alipojiona. Huyu mtu alikuwa amesimama mlangoni akingoja mtu amsukume, naye akampa chai.

Walikaa wakaandika. Usifikiri ilikuwa rahisi. Gabriel alitaka “maziwa yasiyopozwa.” Tryphena akasema hayo si maziwa yake, yake yamepozwa. Akataka “maziwa salama ya Chawia.” Gabriel akasema kama ni salama tunabishana nini? Walifuta, wakaandika, wakafuta. Mwisho wakabaki na sentensi moja ambayo kila mmoja aliweza kuisoma bila kukunja uso: Hatukubaliani kama maji ya mlimani yanaweza kuyapoza maziwa ya jioni kiasi cha kuyafikisha asubuhi yakiwa salama. Na wakakubaliana kwamba jambo likiwa njiani, maziwa ya jioni yapokelewe, lakini yatengwe, kila mtungi unuswe na kuonjwa mlangoni, uliochacha urudi na mwenyewe.

Ndipo Tryphena akakubali soda.

Kumtuliza Thadeus ilikuwa kazi nyingine. Alilalamika kwamba amekwishawaahidi waandishi. Alilalamika kwamba ngazi ni ujanja wa kuchelewesha watu. Lakini ngazi ya pili ilikuwa yake, yeye na Everlyne, na mwanamume anayependa kusikika hakatai meza yenye kiti chake. Akaenda Voi, akapiga meza, akataja ukoloni, akataja kura. Kila alipopumua Everlyne aliuliza kwa upole, “Na ile sentensi yetu, mzee, inasemaje?” Thadeus alirudi amechoka lakini ana heshima mpya. “Yule mama,” alituambia, “hapotei njia.” Hawakukubaliana, kwa sababu ofisi ilitaka baridi ya kiwango fulani na hakuna aliyejua maji yetu yanafika kiwango hicho au la. Jambo likapanda tena, na sentensi yake ile ile.

Kamati ilikuja Chawia alfajiri. Walikuwa na mtaalamu wa vyakula kutoka chuo kikuu, mfugaji mmoja kutoka kaunti nyingine, na mkubwa mmoja wa wakaguzi, aliye juu ya Everlyne. Gabriel na Tryphena walitembea nao. Walianza juu kabisa, karibu na msitu, na kila hodhi walilotia kipimajoto lilikuwa baridi kama walivyotaka, tena zaidi. Mtaalamu alionja maziwa akasema yeye angeyanywa hapo hapo. Ukaguzi uliendelea vizuri hata Tryphena akaanza kuimba kimoyomoyo wimbo wa kanisani.

Kisha yule mkubwa akauliza, “Mkaguzi, wewe unaonaje?”

Gabriel angeweza kulinda amri yake. Mtu akishaandika kitu na jina lake, si rahisi. Lakini Gabriel akasema, “Kwa haya mahodhi ya juu, nilikosea. Niliyapima mchana, siyo asubuhi maziwa yakitoka. Haya yanafaa.”

Tryphena alitaka kumkumbatia. Alijizuia asije akaikunja ile nguo ya harusi za watu, aliyoivaa tena siku hiyo.

Yule mkubwa akamgeukia yeye. “Na wewe, meneja. Ni mahodhi yote yako hivi? Kuna lolote ambalo lina maji ya uvuguvugu?”

Orodha ya boma za kutembelea Tryphena ndiye aliyeichagua, na alikuwa amechagua za juu. Hakuna aliyejua lingine. Angesema “yote ni hivi,” wote wangeteremka mlima wakiwa na furaha. Akamtazama Gabriel, aliyekuwa ametoka kusema “nilikosea” mbele ya mkubwa wake, na hakuweza.

“Kuna la mama yangu,” akasema.

Wakashuka kwa bibi Wakio. Pale mlima unapolainika jua hupiga zaidi, na maji hayakuja tena kwa mfereji. Yalikuja kwa paipu nyeusi iliyolala juu ya ardhi wazi, paipu ambayo Tryphena mwenyewe alimnunulia mamake ili asichote maji kwa kichwa. Jua la mchana lilikuwa limeikaanga hiyo paipu, maji yakaingia hodhini na joto lake, na jioni mtungi ukatumbukizwa humo humo. Walitia kipimajoto. Walitia tena. Mtaalamu akatikisa kichwa. Bibi Wakio alikuwa amesimama mlangoni amejifunga leso mbili, anatazama tu.

Uamuzi ulikuja baada ya siku chache. Maziwa ya jioni ya Chawia yapokelewe, kwa kibali maalumu, kutoka kwa kila hodhi litakalopimwa na kufaulu. Mahodhi yasiyofaulu yakataliwe, na yakirekebishwa yapimwe upya. Pale kiwandani watu walirukaruka. Thadeus alipanda juu ya kreti akatangaza kwamba yeye siku zote alikuwa mtu wa ngazi. Tulimwachia. Wajane wa juu walimletea Tryphena ndizi, mayai, kuku mmoja mwenye hasira, mpaka akakosa pa kuweka.

Lakini asubuhi ya kwanza ya kibali, yeye mwenyewe alisimama mlangoni pa kiwanda na kipimajoto, kwa sababu alijua mtungi gani ungekuja, na hakutaka kumwachia mwingine kazi hiyo. Bibi Wakio alishuka na pikipiki, akiwa ameukumbatia. Tryphena akapima. Akapima tena.

“Mama,” akasema, “siwezi kuupokea huu.”

Bibi Wakio akauchukua mtungi wake.

“Ungeupokea,” akasema, kwa sauti ya kusikiwa na foleni yote, “leo hii ningeacha kunywa maziwa ya kiwanda hiki. Ningejua kila mama wa meneja anaingiza vyake.” Akaufunga mfuniko. “Haya maziwa nitayagandisha, tutayala nyumbani. Na hiyo paipu yako nitaifukia, nikuletee mtungi mwingine.” Akapanda pikipiki, halafu akakumbuka. “Yule kijana wa Taveta. Umemshukuru?”

“Bado, mama.”

“Bado! Alikosea akasema amekosea, mbele ya mkubwa wake. Wangapi wanaweza?”

Pikipiki ikaondoka. Tryphena akaingia ndani nyuma ya tangi, akalia kidogo, machozi ya mtu aliyependwa hadharani, akafuta uso na aproni, akatoa simu. Gabriel alipokea akiwa barabarani mahali fulani, malori yakipita.

“Mama Abby? Kuna shida gani tena?”

“Hakuna shida. Nimepiga kusema asante.”

Upande wa pili pakawa na malori tu. Akadhani simu imekatika.

“Gabriel?”

“Niko,” akasema, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini. “Ni kwamba kwenye kazi hii hakuna mtu huwa ananipigia hiyo simu. Rudia, tafadhali. Nimesogea kando ya barabara.”

Naye Tryphena akarudia.